Nani Aamke Usiku

Kengele ya kwanza ya friji ya chanjo niliyoikuta kazini ilikuwa pua ya mlinzi. Nilipoanza ufundi wa friji Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vituo vingi vya shamba havikuwa na umeme, na chanjo zilikuwa zikikaa ndani ya friji za mafuta ya taa. Moto ukiwaka sawasawa huwa buluu na haunuki. Utambi ukipinda, au mafuta yakiingia maji, moto hugeuka manjano, masizi huziba bomba la moshi, na harufu hutambaa mpaka barazani. Mzee aliyekuwa akilala pale kulinda mlango ndiye aliyekuwa akiamka, akatia tochi kwapani, akapiga magoti mbele ya tangi na kuurudisha moto mahali pake. Haikuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, na jina lake halikuandikwa kwenye fomu yoyote ya friji.

Siku hizi vijana wakiniita kuwasaidia kufunga mifumo ya kurekodi joto bila waya, wao huanza na sensa, kisha programu, kisha intaneti. Mimi huanza kwa kuuliza nani analala karibu. Wananicheka, na wana haki ya kucheka, mimi ni mtu wa spana. Lakini kwa nilivyoiona, historia yote ya baridi ya chanjo visiwani kwetu inazunguka swali hilo: baridi ikipotea saa nane za usiku, nani ataamka? Kurekodi kumekuwa rahisi zaidi kila baada ya miaka michache. Kuamsha mtu bado ni kazi.

Ndui haikutufundisha haya. Chanjo ya ndui iliyotumika katika kampeni ya dunia nzima ilikuwa ya unga mkavu, uliokaushwa kwa njia aliyoikamilisha Leslie Collier katika taasisi ya Lister, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Iliweza kukaa kwenye nyuzi 37 mwezi mzima isiharibike. Mchanjaji aliitia mkobani akenda zake. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, aliugua Oktoba 1977, na maradhi yale yakaisha duniani bila ya kuwepo friji katika kila kijiji. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaanzisha, mwaka 1974, mpango wa kuwachanja watoto dhidi ya magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Tanzania iliingia mwaka uliofuata. Chanjo hizi zina tabia nyingine kabisa. Zinataka nyuzi mbili mpaka nane, usiku na mchana, tangu kiwandani mpaka kwenye paja la mtoto. Hapo ndipo ulipozaliwa mnyororo baridi, na ajira yangu pamoja nao.

Friji zenyewe zilikuwa kiroja. Hazina mota wala pangaboi. Unawasha moto chini ili juu pagande. Waliozivumbua ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na Electrolux ikanunua haki zake mwaka 1925. Ndani ya mabomba yaliyozibwa mna maji, amonia na hidrojeni. Moto huitoa amonia kwenye maji, ikapanda, ikapoa na kuwa kioevu, kisha ikageuka mvuke tena ilipokutana na hidrojeni, na katika kugeuka huko ikavuta joto lililomo sandukuni. Hakuna pampu ya mota, vitu vyote hivyo vinatembea kwa moto na kwa uzito wao tu, na ndiyo maana friji isiyokaa wima haipoi. Niliwahi kwenda Nungwi juu ya Vespa, kisanduku cha vifaa baina ya miguu, kwa ajili ya friji niliyoambiwa imekufa. Nilitia kipande cha bati chini ya mguu mmoja, nikangoja, nikanywa chai ya watu, na kabla ya magharibi bomba lake lilikuwa limeshaanza kuota barafu.

Ila joto la ndani ulilipanga kwa urefu wa utambi, na utambi haujui kama nje kumekucha au kumekuchwa. Mchana wa Februari, kaskazi ikivuma na joto limeshika, ungetaka moto mkubwa. Usiku wa Julai, wakati wa kipupwe, moto ule ule uligandisha. Na usiku ndio ambao hapakuwa na mtu wa kutazama.

Kisha kuna bahari. Tumbatu ilipelekewa chanjo kwa mashua kutoka Mkokotoni, na Kojani nayo ililazimu kuvuka. Uzi ndiyo iliyonipendeza na kunichosha: njia yake ilikuwa ikipita kwenye mikoko, maji yakijaa haipitiki, kwa hivyo siku ya kliniki ilibidi ifuate mwezi mwandamo, kalenda ya ofisini ikae kando. Kasha baridi likichelewa upande wa Unguja Ukuu likingojea maji yatoke, barafu inaendelea kuyeyuka, na joto lililoingia ndani linabaki baina ya muuguzi na Mola wake.

Rekodi ya wakati ule ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, tarehe upande mmoja, asubuhi na jioni upande wa pili, siku zote saba pamoja na sikukuu. Nilisoma fomu nyingi za namna hiyo mpaka nikaweza kuzisoma kwa mbali. Ukiona nne, tano, nne, nne, tano, nne, mwezi mzima, Idi ikiwemo, kwa kalamu moja na mkono mmoja, ujue zile hazikutoka kwenye kipimajoto. Friji ya kweli haiendi hivyo. Hupanda siku ya kliniki kwa mlango kufunguliwa kila mara, hushuka usiku wa mvua, hupaa mafuta yakiisha. Wala sikuwalaumu sana wauguzi. Mtu mmoja anazalisha, anafunga vidonda, anapima watoto uzito, na Jumapili yuko kwao Bambi kuzika. Fomu ilidai namba, ikapewa namba.

Na hata ikisomwa kwa uaminifu, mara mbili kwa siku haisemi lolote juu ya saa 16 zilizo baina ya jioni na asubuhi. Tatizo hilo si letu peke yetu wala si jipya. Mwingereza James Six alilishughulikia mwaka 1782, alipochapisha maelezo ya kipimajoto chake kilichopindwa, chenye vijiti viwili vidogo vya chuma ambavyo zebaki huvisukuma na kuviacha pale joto lilipofika juu kabisa na chini kabisa. Asubuhi unavirudisha kwa sumaku. Kipimajoto cha Six hukwambia ubaya ulifika wapi, hakikwambii ulifika saa ngapi. Saa waliileta Wafaransa. Karne moja baadaye nyumba ya Richard ya Paris ilikuwa ikiuza pipa linalozungushwa na saa ya ufunguo, limevishwa karatasi ya wiki nzima, na kalamu ikipanda na kushuka juu yake. Vituo vya hali ya hewa vilitumia mashine za ukoo huo kwa miaka mingi. Nilipata kuiona moja uwanja wa ndege wa Kisauni, na bwana aliyekuwa akiitunza alinionyesha wino wake uliotiwa glisirini ili usikauke kwenye ncha. Jumatatu asubuhi anabadilisha karatasi, anatia ufunguo, anaondoka. Niliingia wivu. Nilipompa habari za friji zetu alinijibu, kwa upole wa mtu mzima, kuwa kalamu yake nayo ni bubu: ikipanda usiku wa Jumanne, yeye ataziona habari hizo Jumatatu ijayo.

Kwa upande huo watu wa anga ndio waliotutangulia, tena kwa kulazimika, maana puto likisharushwa halirudi na karatasi yake. Robert Bureau alijaribu kupeleka vipimo kwa redio kutoka angani huko Ufaransa mwaka 1929, na tarehe 30 Januari 1930 Pavel Molchanov akarusha puto lake kutoka Pavlovsk, karibu na Leningrad, joto la mawinguni likawa linasikika ardhini papo hapo. Kijana akinieleza kwamba kupima bila waya ni jambo la zama zake, humwambia babu yake alishalipeperusha.

Sisi tulipewa kadi. Mzigo wa chanjo ulikuja na kadi yenye vidirisha vinne, A, B, C na D, inayoanza kazi ukiivuta ulimi wake. Joto likipita nyuzi 10, rangi ya buluu hutambaa kutoka A kuelekea C. Likipita 34, D nacho huingia buluu. Kadi ilikuwa shahidi mzuri, lakini shahidi hufika baada ya kosa. Mwaka 1996 ikaja VVM, alama iliyobandikwa juu ya chupa ya polio yenyewe: mraba mweupe ndani ya duara la zambarau, na mraba ukikolea mpaka ukalingana na duara, chupa inatupwa. Nasema bila kusita kuwa katika vyote nilivyovishika kazini, hicho ndicho kifaa bora. Hakina betri, hakina laini, na bibi aliyemleta mjukuu wake kliniki anaweza kukisoma mwenyewe. Upungufu wake ni kwamba kinajua joto tu. Baridi iliyozidi hakiioni.

Na baridi iliyozidi ndiyo iliyokuwa ikitutafuna kimya kimya. Hofu yetu yote ilikuwa joto, basi tukipandisha utambi, tukishindilia barafu kwenye makasha. Kumbe chanjo za pepopunda, dondakoo na homa ya ini B zimeshikamana na chumvi ya alumini, na zikiganda mara moja tu chumvi ile hujikusanya mabonge. Chanjo ikiyeyuka huonekana nzima, nguvu hamna. Ya homa ya ini huganda kwenye nusu nyuzi hivi chini ya sifuri. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kuwa baina ya asilimia 14 na 35 ya friji au mizigo ya safarini ilikuwa imeiweka chanjo kwenye baridi ya kugandisha.

Kuna jaribio la kutikisa, ambalo kila mtunza stoo wa chanjo analijua. Unachukua chupa mbili za toleo moja. Moja unaigandisha makusudi mpaka iwe jiwe, kisha unaiacha iyeyuke. Ya pili ni ile unayoitilia shaka. Unazishika mkono mmoja, unazitikisa pamoja, unaziweka mezani penye mwanga na unazitazama nusu saa. Iliyoganda huanza kutua. Machicha yanashuka na juu panabaki maji meupe. Ile ya pili ikishuka kwa mwendo uo huo, umeshajua yaliyoipata. Nilipata kukaa mezani hivyo na bibi aliyekuwa mtunza stoo wa kituo kimoja cha shamba. Alivaa miwani yake, akaegemeza kidevu mkononi, hakusema neno. Chupa zilitua sawasawa. Akainuka, akafungua leja, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu kupita toleo zima. Fomu ya mlangoni, iliyojazwa na mwenziwe wa zamu, ilisema nne, tano, nne.

Umeme wa bara ulifika Unguja mwaka 1980 kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Kadiri nguzo zilivyosogea shamba, friji za mafuta zilitoka na zikaingia zile zenye barafu ndani ya kuta, kama MK za Vestfrost ya Denmark. Maji yaliyozungushwa ukutani huganda umeme ukiwepo, na ukikatika barafu ile hushikilia. Friji ya namna hii inatosheka na umeme wa saa 8 katika saa 24. Tulidhani tumepumzika. Mei 2008 kebo ikapata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani kama mwezi mmoja. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010.

Aliyekuwepo Unguja miezi ile haisahau. Pampu za maji zilisimama, ndoo za maji zikauzwa, kila duka la Darajani na jenereta yake mlangoni, moshi na kelele mpaka usiku. Jamaa zetu wa Pemba walitucheka kidogo: wao walikuwa bado wakitegemea majenereta ya Wesha, kebo yao kutoka Tanga ilikuja mwaka huo huo wa 2010, na kukatika kwa umeme kwao haikuwa habari. Katika stoo niliyokuwa nikiihudumia tuliishi kwa hesabu ya saa 8. Tuliwasha jenereta baada ya magharibi, tukaizima karibu na alfajiri, na mchana kifuniko hakikufunguliwa ila kwa sababu.

Mafuta tulipata, kwa kuhangaika. Kilichotushinda kilikuwa kujua. Friji ya barafu ya ukutani ikitoka kwenye mapumziko marefu kisha ikapewa umeme kwa mfululizo, chini yake hupoa kupita kiasi, na chupa iliyoachwa nje ya kikapu chake huganda. Asubuhi unafungua, kipimajoto kinasema tano. Je, saa tisa za usiku kilisema ngapi? Kila mmoja alisema yake, na mkubwa aliyekuja kukagua aliondoka na jibu alilokuja nalo.

Ng'ambo jibu lilikuwa limeshatengenezwa. Berlinger ya Uswisi walikuwa wakitoa kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, Fridge-tag, kinachokaa ndani ya friji na kukumbuka siku 30 nyuma: joto la juu, la chini, na muda lilivyokaa huko. Namna kilivyopangwa kuonya ndiyo sehemu ninayotaka kila fundi kijana aifahamu kabla hajagusa programu yoyote. Kwa joto, huonya likipita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Kwa baridi, huonya likishuka chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Vizingiti hivyo ni vya Shirika la Afya Duniani, na tofauti yake ina maana. Joto huila chanjo polepole, nayo huvumilia. Mlango uliofunguliwa siku ya kliniki, au umeme uliokatika jioni ukarudi usiku, haustahili kumtoa mtu kitandani. Kuganda ni mara moja na hakuna kurudi. Fundi anayeweka kizingiti cha joto bila muda wa kusubiri anatengeneza kengele ya kulia kila muuguzi anapotoa chupa, na kengele ya namna hiyo haimalizi wiki; mtu atapanda juu ya kiti ataichomoa.

Kutoka hapo mpaka laini ya simu ilikuwa hatua fupi. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea. Zantel, kampuni ya simu ya kwetu, ilianza mwaka 1999. Nexleaf, shirika la Los Angeles lililoanzishwa mwaka 2009, lilibuni ColdTrace, sensa ya friji inayotuma ujumbe wa simu chanjo ikiwa hatarini, na vituo vya Kenya, Msumbiji na India vikaitumia. Mifumo ya namna hiyo ilipofika kwetu, mimi nilikuwa karibu kustaafu, na nikaanza kuitwa kama mtu anayejua friji ilipo mbavu na ilipo mgongo.

Huo mgongo ndio mwanzo wa kazi. Friji ni sanduku la chuma, na chuma hula mawimbi. Ukikiweka kifaa kizima ndani, kipokezi kilicho ukutani kinakisikia kwa kubahatisha, na betri huchoka mapema kwa baridi. Tunakiacha nje, ubavuni, tunapitisha waya wa kipimo peke yake, ule bapa, chini ya mpira wa kifuniko upande wa bawaba. Ncha ya waya huzamishwa ndani ya kichupa cha glikoli, kwa sababu hewa ya friji hubadilika mtu akifungua, lakini chanjo iliyomo chupani haibadiliki upesi hivyo, na sisi tunalinda chanjo, hatulindi hewa. Halafu kichupa kinakaa kikapuni, katikati ya chanjo, si kwenye kona ambayo kilitosha. Programu inauliza irekodi kila baada ya muda gani. Kijana niliyekuwa naye alitaka kila sekunde 30, ili aone kila kitu. Nilimwambia ataona kila kitu isipokuwa fungu la betri mpya. Dakika 10 zinatosha kabisa. Friji si mgonjwa wa chumba cha upasuaji.

Saa ndiyo iliyotupa taabu ambayo kitabu cha maelekezo hakikuitaja. Asubuhi moja tuliitazama grafu kwenye kompyuta, mstari umeanza kupanda 22:10. Kitabu cha mlinzi kilisema umeme ulikatika saa sita kamili za usiku. Basi friji ilianza kupata joto karibu saa mbili kabla ya umeme kukatika, mbovu ni kompresa, na mimi nikatakiwa niifungue. Niliomba kwanza nionyeshwe saa ya kompyuta. Ilikuwa imesawazishwa na Greenwich, saa tatu nyuma yetu. 22:10 yake ni saa saba na dakika kumi za usiku kwa saa ya mlinzi. Mstari ulianza kupanda saa moja na zaidi baada ya umeme kwenda, kama inavyotakiwa. Mlinzi aliandika kweli, friji ilifanya kazi yake, na kompresa ikabaki bila kuguswa. Tangu siku ile, kwenye kila programu, jambo la kwanza ninalotaka lisawazishwe ni saa, na chini ya skrini tunabandika karatasi yenye saa za kompyuta upande mmoja na saa za Kiswahili upande wa pili, maana vitabu vyote vya zamu vinaandikwa kwa saa za Kiswahili na vitaendelea kuandikwa hivyo.

Kisha unafika ukurasa wa wapokeaji, na hapo ufundi unakwisha, inaanza siasa. Kila mkubwa anataka namba yake iwe ya kwanza, kwa heshima. Mkubwa huyo huyo usiku simu yake iko kimya, na wiki nyingine yuko Dodoma mkutanoni. Njia nyingine inayopendwa ni kuandika namba za watu kumi ili ujumbe usimkose mtu. Ujumbe wa watu kumi hauna mwenyewe. Kila mmoja anageuka upande wa pili akijua wenzake tisa wameshaamka. Msimamo wangu, na nimeugombea vikaoni, ni mtu mmoja kwanza, aliye karibu na anayekubali, mwenye ufunguo. Asipojibu kwa robo saa, programu impelekee wa pili. Mkubwa awe wa tatu, na asubuhi apewe ripoti yote ikiwa na chai yake.

Nilishauri pia tuijaribu usiku, bila kumwambia mtu. Kwa shida nilikubaliwa. Tuliichukua friji tupu, tukatoa ncha ya waya kichupani na kuizamisha kwenye bakuli la barafu iliyotiwa chumvi, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, tukakaa. Saa moja ikapita, kengele ya ukutani ikalia, ujumbe ukatoka. Mtu wa kwanza simu ilikuwa imezimwa. Wa pili aliupata, akaufungua, akalala tena. Kesho yake alitueleza bila wasiwasi: ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, umetoka kwenye namba asiyoijua, akadhani ni zile za kuambiwa umeshinda bahati nasibu. Alikuwa na haki. Siku hiyo tukauandika upya: FRIJI 2 INAGANDA. NENDA SASA. Programu iliruhusu herufi nyingi zaidi, na kijana alitaka kuongeza jina la kifaa, kiwango cha betri na nguvu ya mawimbi. Nilimwachia vitu hivyo kwenye ripoti.

Sasa kuna sharti ambalo niliacha limeandikwa ukutani: kila mwezi mtu apige simu kwa kila namba iliyomo kwenye programu, asikie sauti ya mwenyewe. Watumishi huhamishwa, laini isiyotumika kampuni huichukua na kumuuzia mwingine, na programu haijui. Juzi tu kijana alipiga namba ya pili kwenye orodha akapokelewa na bibi wa Wete. Aliomba radhi, akajieleza kuwa anapiga kutoka stoo ya chanjo Unguja, kuhusu friji.

“Namba mbili?” akauliza yule bibi.

Kijana akasema ndiyo.

“Mwanangu, mimi nauza malai, na friji yangu mwezi wa pili huu haigandishi. Hiyo yenu isiyotakiwa kuganda, nileteeni mimi.”